Kusema kwa Viungo vya Kuazima

Ukifungua kitabu cha fonetiki kinachotumika katika shule na vyuo vyetu, utakuta mchoro wa kichwa cha mtu kilichopasuliwa ubavuni, na mishale inayoelekeza kwenye midomo, meno, ufizi, kaakaa gumu, kaakaa laini, kimeo, ulimi, koromeo, zoloto na nyuzi za sauti. Juu ya mchoro pameandikwa: ala za sauti. Mwanafunzi anaikariri orodha hiyo, anaijibu kwenye mtihani, na anaondoka akiamini kwamba mwili una mtambo wake wa kusemea, kama ulivyo na macho ya kuonea na masikio ya kusikilizia. Leo nataka kutetea rai kwamba mtambo huo haupo. Hakuna hata kiungo kimoja katika mchoro ule ambacho kazi yake ya kwanza ni kusema. Kusema ni shughuli iliyoandaliwa kwa vyombo vya majirani: sufuria zimeazimwa, viti vimeazimwa, na kila mwenye chombo anaweza kuja kukidai shughuli ikiwa katikati. Mwanaisimu wa Marekani, Edward Sapir, alilisema jambo hili katika kitabu chake Language cha mwaka 1921, na tangu hapo limekuwa likitajwa darasani kama dokezo tu, kisha somo linaendelea. Mimi naona halistahili kupitwa hivyo. Ukilifuata hadi mwisho wake, linabadilisha namna tunavyomtazama mtoto aliyechelewa kusema, mtu mwenye kigugumizi, na mzee aliyepatwa na kiharusi akapoteza maneno. Na kutolielewa, katika nchi zetu hizi, kunamwaga damu ya watoto, nitafika huko.

Tuanze na pumzi. Mapafu yapo ili kuingiza oksijeni na kutoa hewa chafu. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi kiasi cha mara 12 hadi 20 kwa dakika, na muda wa kuvuta haupishani sana na muda wa kutoa. Akianza kuzungumza, mpangilio huo wote unapinduliwa. Anavuta hewa haraka, kwa takriban sehemu moja ya kumi ya mzunguko mzima, halafu anaitoa taratibu kwa sekunde kadhaa, akiikata mahali ambapo maana inaruhusu kukatwa. Kuna jambo hapa ambalo watu wengi hawalijui. Mapafu yaliyojaa hutaka kusinyaa yenyewe, na yakiachiwa hewa ingetoka kwa kishindo: neno la kwanza la sentensi lingekuwa ukelele na la mwisho mnong'ono. Ili hilo lisitokee, misuli ya mbavu inayotumika kuvuta pumzi huendelea kufanya kazi hata baada ya mtu kuanza kutoa pumzi, ikiizuia isitoroke, kisha inaachia kidogo kidogo hadi misuli ya kutoa pumzi ipokee kazi. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Peter Ladefoged na wenzake huko Edinburgh walipima umeme wa misuli hiyo wakati watu wakisema, wakaona zamu hiyo ikipokezana. Kwa hiyo kabla neno la kwanza halijatoka mdomoni, kuna mahali ambapo urefu wa sentensi umeshakadiriwa na pumzi yake imeshapimwa. Mapafu hayajui lolote kuhusu sentensi. Yanatumikishwa. Na mwenye chombo hasahau chombo chake: panda ngazi za ghorofa nne mbiombio huku ukijaribu kuongea, na sehemu ya ubongo inayosimamia uhai itakunyang'anya pumzi yako katikati ya neno bila kukuomba ruhusa.

Zoloto nalo ni vivyo hivyo, na hapa ndipo imani ya kwamba tuna mtambo wa kusemea ilipojikita zaidi, kwa kuwa ndani yake mna kitu tunachokiita nyuzi za sauti. Jina hilo lilitoka kwa mwanaanatomia wa Ufaransa, Antoine Ferrein, aliyeandika mwaka 1741, na limetupotosha. Si nyuzi kama za gambusi. Ni mikunjo miwili ya nyama yenye unyevu, kila mmoja hauzidi sentimita mbili na nusu kwa mwanamume na ni mfupi zaidi kwa mwanamke, na kazi yake ya asili ni kuwa mlango wa bomba la hewa. Mlango huu unafunga tonge linapopita kuelekea kwenye umio. Unafunga pia pale mwili unapohitaji kifua kiwe kigumu. Mtazame mchukuzi wa Kariakoo anapojitwisha gunia: anavuta pumzi, anaibana, ndipo anainua. Kilichoibana ni mikunjo ileile, na kwa muda huo hana uwezo wa kutamka hata neno moja. Mama anayesukuma mtoto wakati wa kujifungua anaitumia hivyo hivyo, na anayekohoa huifunga kwanza kisha huifungua kwa nguvu ili kufukuza kilichoingia. Daktari wa Uingereza, Victor Negus, alilinganisha mazoloto ya wanyama wa aina nyingi na kuchapisha kazi yake mwaka 1929, na hitimisho lake lilikuwa kwamba kulinda mapafu kulitangulia, sauti ikaja baadaye.

Tena hata ile sauti yenyewe si jambo kubwa kama tunavyodhani. Ferrein alichukua mazoloto ya maiti, akapuliza hewa kutoka chini, nayo yakalia. Johannes Müller wa Berlin akalirudia jaribio hilo kwa uangalifu zaidi katika karne ya 19. Maiti haina nia wala neno la kusema, lakini mikunjo yake ikisogezwa karibu na hewa ikipita kati yake, itatikisika. Mwaka 1950 Mfaransa Raoul Husson alidai kwamba kila mtikisiko unaamriwa na neva, mmoja mmoja. Rai hiyo haikudumu, kwani mikunjo ya mwanamume hutikisika zaidi ya mara 100 kwa sekunde na ya mwanamke kama mara 200, na Mholanzi van den Berg alieleza mwaka 1958 jinsi hewa na unyumbufu wa nyama vinavyotosha kuiendesha. Neva inachofanya ni kuisogeza mikunjo pamoja, kuinyoosha na kuilegeza. Na njia ya neva hiyo ni ushahidi mwingine. Galen, tabibu wa enzi ya Warumi, aliikata kwenye nguruwe aliyekuwa akipiga kelele, nguruwe akanyamaza papo hapo. Upande wa kushoto, neva hiyo inatoka kichwani, inalipita zoloto, inashuka hadi kifuani, inazunguka chini ya mshipa mkuu wa damu unaotoka moyoni, ndipo inarudi juu shingoni. Twiga anayo hiyohiyo, ikishuka na kupanda mita kadhaa. Ndiyo maana daktari anayepasua rovu huitafuta neva hiyo kwa hadhari kubwa, na ndiyo maana uvimbe wa kifuani unaweza kujitangaza kwa sauti iliyokauka. Kiungo kilichoundwa kwa ajili ya kusema kisingeletewa amri zake kwa njia ya mzunguko kiasi hicho.

Sasa tuingie kinywani, na hapa naomba msikilizaji anifuate kwa vitendo. Tamka neno mbuzi, polepole uwezavyo. Midomo imefungwa. Kaakaa laini, ile nyama ya nyuma ya dari ya kinywa, imeshuka, hivyo hewa inapita puani huku nyuzi za sauti zikitikisika: hiyo ndiyo m. Kabla midomo haijafunguka, kaakaa laini linapanda na kuziba njia ya pua. Hewa sasa imenaswa nyuma ya midomo, na midomo inapoachia, b imetoka. Lakini ulimi haukusubiri zamu yake. Midomo ingali imefungwa, wenyewe umeshajivuta nyuma na juu kuitayarisha u. Halafu ncha yake inakimbilia ufizi na kuacha mwanya mwembamba ambao hewa inapita ikivuma, z, kisha mwili wa ulimi unasogea mbele kwa ajili ya i. Kwa mwendo wa mazungumzo ya kawaida, yote hayo yanakwisha katika chini ya nusu sekunde. Kaakaa likichelewa kidogo tu, b inapotea na mbuzi anageuka muzi. Sasa weka vidole juu ya kongomeo na utamke baba kama wanavyotamka watu waliokulia lugha hii pwani: utahisi zoloto likishuka kidogo wakati midomo imefungwa, kiasi kwamba hewa inakaribia kuvutwa ndani. Rudi kwenye mbuzi, na kushuka huko hakupo. Ni b ileile kwa maandishi, lakini ni kazi mbili tofauti za shingo, na mtoto wa miaka mitatu anazipanga bila kufundishwa na mtu. Au msikilize mtu wa Mvita au Lamu akitofautisha paa la nyumba na paa wa porini. Midomo inafanya jambo moja kwa maneno yote mawili. Kinachowatenganisha mnyama na nyumba ni kwamba, kwa mnyama, nyuzi za sauti zinachelewa kuanza kutikisika kwa sehemu chache za mia za sekunde baada ya midomo kuachia, na pumzi inasikika katika pengo hilo.

Hiyo ndiyo hoja yangu, msikilizaji. Kinachofanya usemi ni upangaji wa muda. Ulimi ni wa kuonja na kusogeza chakula chini ya magego. Midomo ni ya kunyonya na kuzuia chakula kisimwagike, na kaakaa laini ni la kuzuia maji yasitokee puani. Kuna watu wa Tanzania wanaolidhihirisha hili kuliko mfano wowote wa vitabuni: Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi na Wasandawe wa Dodoma, ambao baadhi ya konsonanti zao ni vidoko. Ulimi unashika kaakaa mahali pawili, mbele na nyuma, unanasa hewa kidogo katikati, unajishusha ili hewa hiyo ipungue nguvu, kisha unaachia mbele, na hewa inaingia kwa mlio. Hapo mapafu hayatumiki kabisa. Mtu anaweza kuendelea kupumua puani. Wadahalo wa pwani ya kaskazini ya Kenya wanavyo vidoko pia. Na sisi wengine wote tunacho kitendo cha jamaa hiyo tunaposonya, ila hatujakiingiza katika maneno. Ulimi ni uleule, taya ni lilelile. Jamii moja imeazima kitendo cha kunyonya na kukifanya konsonanti, nyingine imekiacha kwenye dharau.

Najua pingamizi la kwanza, na ni zito. Wataalamu watasema: zoloto la binadamu limeshuka shingoni kuliko la sokwe. Mtoto mchanga analo juu, karibu na pua, na katika miaka ya mwanzo linateremka. Kushuka huko kunampa ulimi nafasi ya kusogea mbele na nyuma, juu na chini, na kutupatia a, i na u zilizo wazi kabisa. Lakini kunatuletea pia hatari ya kupaliwa, hatari ambayo hata Darwin aliitaja mwaka 1859. Je, maumbile yangetuhatarisha namna hiyo kama si kwa ajili ya kusema? Hoja hii ilipata nguvu mwaka 1969, Philip Lieberman na wenzake walipokadiria kwamba koo la nyani wa Asia aitwaye rhesus haliwezi kutoa irabu hizo. Ninakubali sehemu yake. Inawezekana kabisa kwamba umbo la koo letu limenolewa na kusema, kama mpini unavyolainishwa na mkono unaoushika. Lakini ushahidi wa baadaye umeipunguza sana. Mwaka 2001 Tecumseh Fitch na David Reby walionyesha kwamba dume la kulungu mwekundu wa Ulaya lina zoloto lililoshuka, na hulishusha zaidi anaponguruma ili asikike mkubwa, ilhali kulungu hasemi. Kisha mwaka 2016 Fitch na wenzake waliwapiga nyani wa Asia walio jamaa wa karibu wa rhesus picha za eksirei zinazotembea, wakila, wakipiga miayo na kulia, wakapima maumbo yote ambayo koo lao linaweza kuchukua, na kompyuta ikaunda kutokana na maumbo hayo sentensi ya Kiingereza inayoeleweka. Koo la nyani lingetosha. Asiyetosha ni mwendeshaji.

Wanyama wengine wanalithibitisha hili kwa upande wa pili. Kuanzia mwaka 1947, Keith na Catherine Hayes wa Marekani walimlea sokwe mchanga, Viki, kama mtoto wao, wakamfundisha kusema kwa bidii kubwa, hata kwa kumshika midomo. Aliishia kwenye maneno kama manne, yaliyotoka kwa shida. Sokwe ana midomo, meno, ulimi na zoloto. Mchoro wetu wa ala za sauti unamfaa karibu wote. Sasa mgeukie kasuku wa kijivu wa misitu ya Kongo na Uganda. Hana midomo. Hana meno. Sauti yake haitoki hata kwenye zoloto, inatoka chini kabisa pale bomba la hewa linapogawanyika kuelekea mapafuni. Naye anatamka. Huko Korea Kusini kuna tembo aitwaye Koshik, aliyeelezwa na watafiti mwaka 2012, anayeingiza mkonga wake mdomoni na kuiga maneno matano ya Kikorea. Na hapa kwetu Tsavo, tembo jike aitwaye Mlaika, yatima aliyekuwa akilala kwenye zizi lililo kilomita kama tatu kutoka barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, alianza kutoa mngurumo wa malori. Taarifa yake ilichapishwa katika jarida la Nature mwaka 2005. Wenye viungo vinavyofanana na vyetu wanashindwa, na wenye viungo visivyofanana navyo hata kidogo wanaweza. Tofauti iko kwenye nyaya. Mwaka 1958 mtafiti wa ubongo Kuypers alieleza kwamba kwa binadamu kuna nyuzi za neva zinazotoka moja kwa moja kwenye tabaka la juu la ubongo hadi kwenye kiini kinachoendesha zoloto, na kwa nyani njia hiyo ya mkato haipo au ni hafifu sana. Nyani analia pale hofu au njaa inapomliza. Binadamu analichukua zoloto na kulitumia apendavyo.

Na hospitali zimelijua hili muda mrefu. Mwaka 1861, katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris, Paul Broca alimpokea mgonjwa aitwaye Leborgne ambaye kwa miaka mingi alikuwa hana neno isipokuwa silabi moja, tan, aliyoirudia akiulizwa chochote. Ulimi wake ulikwenda kila upande. Alisikia na alielewa mengi. Alipofariki, Broca akakuta uharibifu upande wa kushoto wa mbele wa ubongo. Wagonjwa wa kiharusi wa namna hiyo tunao katika kila mji wetu, na baadhi yao wanaoshindwa kuomba maji wanaweza kuimba wimbo wa zamani pamoja na maneno yake, jambo linalotosha kuonyesha kwamba kinywa ni kizima. Lakini ushahidi unaonigusa zaidi unatoka kwa viziwi. Katika miaka ya 1980, Poizner, Klima na Bellugi waliwachunguza viziwi wa Marekani waliopata kiharusi upande wa kushoto wa ubongo. Mikono yao iliweza kushika kijiko na kuchora, lakini lugha yao ya alama ilivunjika, kwa namna ileile ambayo usemi wa mtu anayesikia huvunjika. Lugha ilikuwa imeazima mikono badala ya kinywa, na ilipoumia iliumia ileile. Kenya ilifanya jambo la haki na la kisayansi pia ilipoitaja Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge katika Katiba ya 2010.

Kuna hata waliosema bila ulimi. Mwaka 1718 Antoine de Jussieu aliieleza Akademia ya Sayansi ya Paris habari za msichana aliyemwona Lisbon, aliyezaliwa bila ulimi na aliyezungumza kwa kueleweka. Baada ya mpasuaji Billroth kufanya upasuaji wa kwanza wa kuondoa zoloto lote huko Vienna mwishoni mwa mwaka 1873, wagonjwa walijifunza kumeza hewa na kuirudisha kama mbweu, umio ukitikisika badala ya nyuzi za sauti, na kwa mbweu hiyo wakazungumza na wake zao na watoto wao. Chombo kimoja kikidaiwa na mwenyewe, ubongo unakwenda kuazima kingine.

Hapo mtu wa madrasa anaweza kunisimamisha. Elimu ya tajwidi, atasema, imefundisha kwa karne nyingi kwamba kila herufi ina mahali pake pa kutokea: mwanasarufi Sibawayhi katika karne ya 8 alihesabu makhraji 16, kutoka ndani ya koo hadi midomoni na puani. Je, huko si kukiri kwamba viungo ndivyo vinavyosema? Naiheshimu sana elimu hiyo. Ni miongoni mwa uchambuzi wa kale na wa makini kabisa wa sauti za binadamu, na watoto wa Zanzibar, Tanga na Lamu wanaipata kabla hawajajua neno fonetiki. Lakini angalia inavyofundishwa. Mwalimu anatamka, mwanafunzi anasikia, anarudia, anasahihishwa, anarudia tena. Hakuna mwalimu wa tajwidi anayeitibu qafu iliyokosewa kwa kugusa koo la mtoto. Makhraji ni anwani ya mahali pa kufika, na mtoto anaongozwa kufika huko kwa sikio lake.

Sasa nifike kwenye damu. Mwaka 1841 Johann Friedrich Dieffenbach, mmoja wa wapasuaji mashuhuri wa Ulaya, alianza huko Berlin kutibu kigugumizi kwa kukata kipande cha ulimi karibu na shina lake, bila nusukaputi, kwa kuwa ilikuwa bado haijaanza kutumika. Wapasuaji wa nchi nyingine wakamfuata. Wako wagonjwa waliopoteza maisha, na kigugumizi kikabaki, kwa sababu ulimi haukuwa na kosa. Mwenye kigugumizi akiimba, kwa kawaida hakwami. Akisoma pamoja na wenzake kwa sauti moja, mara nyingi hakwami. Ulimi uliokuwa na ugonjwa usingepona kwa dakika tatu za wimbo kisha ukaugua tena. Ulaya iliachana na kisu hicho. Sisi bado tunacho. Katika mikoa mingi ya Tanzania, mtoto mwenye kikohozi kisichokoma, asiyenyonya vizuri, au aliyechelewa kusema, hupelekwa kwa mtu wa kukata kimeo, ile nyama ndogo inayoning'inia nyuma ya kinywa. Hukatwa bila ganzi, kwa kifaa ambacho usafi wake haujulikani. Watoto wameletwa hospitalini wakivuja damu, wakiwa na usaha kooni, wakiwa na upungufu wa damu, na wapo ambao hawakuwahi kufika. Na kimeo chenyewe hakitamki konsonanti hata moja ya Kiswahili.

Watetezi wa desturi hii hawasemi ovyo, na wanastahili kujibiwa. Wanasema: tulimkata, na baada ya miezi miwili akaanza kusema. Ninaamini kwamba alianza. Watoto wengi waliochelewa kidogo huanza wenyewe wakiwa na miaka miwili na nusu au mitatu, na mzazi hufikia hatua ya kukata wakati uleule ambao mtoto alikuwa karibu kuanza. Ambaye hakukatwa na akaanza kusema hakuna anayemhesabu. Wengine watanikumbusha utando wa chini ya ulimi, unaoweza kuushika ulimi usitoke vizuri. Ni kweli upo, na daktari huukata pale unapomzuia mtoto kunyonya, au unapomtatiza kwa sauti chache zinazohitaji ncha ya ulimi. Lakini ulimi uliofungwa huharibu sauti fulani. Haumnyimi mtoto maneno. Na wapo waliozaliwa na mpasuko wa kaakaa. Hao kweli wanahitaji mpasuaji, na wanamhitaji mapema, kwa sababu bila kaakaa kuziba pua, b na d haziwezi kutoka. Hata hivyo waulize wanaowahudumia: mtoto aliyefanyiwa upasuaji amechelewa anabaki na mazoea yake ya kukata sauti kooni badala ya midomoni, na inabidi afundishwe upya, neno baada ya neno. Nyama imeshonwa siku moja. Kupanga muda kunachukua miezi.

Basi mtoto asiyesema atazamwe wapi kwanza? Masikio. Ubongo unaopanga muda wa viungo vya kuazima unajifunza kupanga kwa kusikia, na asiyesikia hana kielelezo cha kufuata. Kipo kifaa kidogo kinachopachikwa sikioni, kinatoa mlio hafifu na kunasa mwangwi unaorudi kutoka sikio la ndani. Mtoto anapimwa akiwa usingizini, kwa dakika chache, bila maumivu. Katika kliniki nyingi za mama na mtoto anapopimwa uzito na kuchanjwa, kifaa hicho bado hakipo, na hilo ni jambo la kulidai. Kwa watakaofaa, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili imekuwa ikipandikiza vifaa vya kusikia tangu 2017. Kwa wengine, lugha ya alama ianze nyumbani mapema, maana watoto wanaolelewa kwa alama hubwabwaja kwa vidole, kama Petitto na Marentette walivyoonyesha mwaka 1991. Masikio yakiwa mazima, ndipo maswali mengine yafuate, ya usonji, ya mtindio wa ubongo, ya mtoto anayekaa siku nzima bila mtu wa kuzungumza naye.

Na wakati kifaa kinasubiriwa, kuna kipimo ambacho kila mama anacho. Mtoto kiziwi hulia na kutoa sauti za mwanzo kama watoto wengine, ndiyo maana hagunduliki. Tofauti hujitokeza kuanzia kati ya miezi sita na kumi, pale wenzake wanapoanza ba-ba-ba na ma-ma-ma zilizokatwa vizuri, naye hazianzi, au hupunguza sauti alizokuwa nazo. Mama anayefika kliniki na kusema kwamba mtoto wangu alikuwa na kelele, siku hizi amenyamaza, ametoa dalili ya ugonjwa kama aliyesema mtoto ana homa, na muuguzi aliyemsikia anapaswa kuiandika kwenye kadi siku hiyohiyo na kumwelekeza kwa daktari wa masikio.